Kompyuta mpya, diski kuukuu: Jinsi ya kutafuta hitilafu bila kupoteza data

WAHENGA walinena kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Msemo huo unaifaa diski kuu ya kompyuta inayong'olewa katika mashine iliyokufa na kutiwa ndani ya mashine mpya. Huingia nyumba ngeni ingali na kamba ya kule ilikotoka, na mara nyingi kamba hiyo ndiyo humkwaza mwenye nyumba.

Katika kisiwa cha Mombasa hali hii si ngeni. Mwenye duka la leso katika Mtaa wa Biashara huachwa na kompyuta iliyoungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Familia ya Mji wa Kale ina mashine iliyolala miaka kadhaa, na ndani yake mna picha za harusi na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Badala ya kununua kompyuta kamili, wengi hununua vifaa kimoja kimoja, fundi akaviunganisha, na diski ya zamani ikarudishwa kazini.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni gharama. Ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni kwamba diski hiyo ndiyo iliyobeba hesabu za madeni, hati za mirathi na picha zisizokuwa na nakala kwingineko. Kompyuta inapokataa kuwaka, au inapowaka na kuonyesha skrini ya buluu, mwenye mali hushikwa na hofu akaanza kubonyeza lolote aonalo.

Hofu hiyo ndiyo adui mkubwa. Mazabodi, prosesa na kasha huuzwa madukani. Data iliyofutika haiuzwi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni moja tu: diski kuukuu huwa ya kwanza kunakiliwa na ya mwisho kuunganishwa.

DISKI NI GHALA

Diski kuu ndiyo ghala la kompyuta. RAM husahau kila kitu umeme unapozimwa, lakini diski hukumbuka. Kampuni ya IBM ilitoa ya kwanza mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wake ulishinda kabati la nguo, na ilihifadhi takribani herufi milioni tano pekee, kiasi ambacho leo hujazwa na picha moja au mbili za simu.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea, kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Kichwa hicho kikigusa sahani, hukwaruza na kuharibu kilichoandikwa. Ndiyo maana diski haitakiwi kuangushwa, kutikiswa wala kufunguliwa nje ya chumba maalumu kisichokuwa na vumbi.

Hali ya hewa ya pwani huongeza mzigo. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula pini za waya na soketi taratibu. Diski iliyotolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa ghafla katika joto la nje inaweza kutoa jasho kama gilasi ya maji baridi. Ni busara kuiacha saa kadhaa izoee hewa ya mahali kabla ya kuiwasha. Diski nyingi pia zina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio ndani. Tundu hilo lisizibwe kwa karatasi ya gundi wala lisipulizwe.

KABLA YA KUWASHA

Ikiwezekana, diski iunganishwe kwanza na kompyuta nyingine inayofanya kazi, kwa kutumia kebo ya kugeuzia inayoingia katika tundu la USB. Diski ya inchi 3.5 huhitaji umeme wake yenyewe wa volti 12 na volti 5, hivyo kebo hiyo sharti iwe na adapta ya umeme. Diski ndogo ya inchi 2.5, ya aina inayotumika katika kompyuta za mapajani, huhitaji volti 5 tu.

Nakala ya faili muhimu ichukuliwe hapo hapo. Huenda kompyuta ile ya kuazima ikauliza kama mtumiaji angependa kuifomati diski. Jibu ni hapana, hata mara moja. Swali hilo lina maana kwamba kompyuta haikuelewa maandishi ya diski, wala halithibitishi kuwa diski ni tupu.

Mashine mpya nayo ijaribiwe peke yake, diski ikiwa mezani. Fundi akiunganisha mazabodi, prosesa, kipande kimoja cha RAM, skrini na kibodi, kompyuta inatakiwa kuwaka na kuonyesha maandishi ya mwanzo. Ikifika hapo, imejulikana kuwa mashine ni nzima. Isipofika, diski haina kosa na haina haja ya kuguswa.

Jambo jingine la kukaguliwa ni kikasha cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Baadhi ya vikasha vya zamani vina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, kwa hiyo swichi iwe kwenye 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwenye 115, na ikichomekwa ukutani hivyo hivyo italipuka kwa mshindo na moshi.

Hatari iliyojificha zaidi imo katika waya. Vikasha vingi vya kisasa vina waya zinazochomoleka. Ncha zake zinazoingia katika kikasha hufanana, ila mpangilio wa volti ndani yake hutofautiana baina ya kampuni na kampuni. Waya wa kikasha cha zamani ukichomekwa katika kikasha kipya unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuiua diski papo hapo. Kila kikasha kitumie waya zake.

MASHINE HAIWAKI KABISA

Kompyuta ikiwa kimya kabisa, uchunguzi huanzia ukutani. Soketi ijaribiwe kwa taa, kisha stebilaiza au UPS ikaguliwe, halafu swichi ya nyuma ya kikasha cha umeme. Mafundi wengi hukiri kuwa swichi hiyo ya nyuma imewapotezea saa nzima.

Baada ya hapo hukaguliwa waya mbili zinazotoka katika kikasha. Mazabodi ya kisasa huhitaji waya mpana wa pini 24, pamoja na waya wa pini nne au nane ulio karibu na prosesa. Waya huu wa pili husahaulika mara nyingi. Vijiwaya vyembamba vya kitufe cha kuwashia navyo huwekwa pasipo pake, kwa sababu pini zake ni ndogo na hazifungiki kwa namna moja.

Kompyuta ikiwaka kwa sekunde chache kisha ikazima, feni ya prosesa ndiyo hushukiwa kwanza. Huenda haizunguki, haikukazwa sawasawa, au fundi alisahau kubandua ngozi ya plastiki iliyofunika sehemu yake ya chini. Prosesa inayopata moto kupita kiasi hujizima yenyewe ili isiungue.

MASHINE YAWAKA, SKRINI NYEUSI

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, RAM itolewe, ifutwe sehemu yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu na laini, kisha irudishwe na kusukumwa mpaka vibanio vyake vilie. Vipande vikiwa viwili, kijaribiwe kimoja kimoja.

Waya wa skrini nao uangaliwe. Penye kadi ya picha, skrini huchomekwa katika kadi hiyo na si katika mazabodi. Zipo pia prosesa zisizokuwa na uwezo wa picha ndani yake. Bila kadi, haziwezi kuonyesha chochote hata zikiwa nzima.

Mazabodi ikiwa imewahi kutumika kwingine, betri yake ndogo ya mviringo, iitwayo CR2032, inaweza kuwa imekwisha. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma kila kompyuta inapochomolewa. Betri hiyo ni ya volti 3 na bei yake ni nafuu. Kuitoa kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa ukutani, hurudisha mipangilio ya awali katika mazabodi nyingi, na mara nyingine tiba ni hiyo tu.

DISKI HAIONEKANI

Sasa diski iunganishwe, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kwanza ijulikane ni ya aina gani. Diski za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 ni za IDE, zenye waya mpana ulio bapa kama utepe. Kuanzia mwaka wa 2003 zilianza kuenea za SATA, zenye waya mwembamba.

Kwa diski ya IDE, tatizo la kwanza ni kwamba mazabodi mpya haina mahali pa kuichomeka. Kampuni ya Intel iliiondoa njia ya IDE katika chipu zake kuu mwaka wa 2006, na watengenezaji wa mazabodi wakaiacha hatua kwa hatua. Kebo ya USB iliyotajwa hapo juu ndiyo njia nyepesi.

Mazabodi ikiwa bado na IDE, basi kijiziba kidogo kiitwacho jampa, kilicho nyuma ya diski, sharti kiwekwe sawa. Waya mmoja wa IDE hubeba vifaa viwili, mmoja mkuu na mwingine mdogo wake. Vyote viwili vikiwekwa kuwa wakuu, hugombana na kompyuta haioni chochote. Mchoro wa mahali pa jampa huchapishwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Katika waya wenye nyuzi 80, ncha ya buluu huenda kwenye mazabodi, nyeusi kwa diski kuu na ya kijivu kwa ile ndogo.

Kwa diski ya SATA mambo ni mepesi. Diski ya zamani hufanya kazi katika mazabodi mpya, kwa mwendo wake wa zamani. Isipoonekana, ibadilishwe kebo, kisha tundu. Lipo jambo moja linalowashangaza wengi: katika mazabodi nyingi za kisasa, kutia diski bapa ya aina ya M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA. Kitabu cha maelezo cha mazabodi hutaja ni yapi.

Diski ikionekana katika ukurasa wa mipangilio ya kompyuta, unaofunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine iwakapo, basi waya ni sawa. Tatizo lililobaki liko katika programu, au katika afya ya diski yenyewe.

DISKI YAONEKANA, WINDOWS HAIFUNGUKI

Hapa ndipo kamba ya kuku mgeni inapoonekana. Mfumo wa uendeshaji uliowekwa katika diski ulijifunza vifaa vya mashine ya zamani. Ukiamka katika mashine nyingine, hutafuta vifaa visivyokuwapo.

Windows XP ndiyo mfano maarufu. Ikihamishwa, mara nyingi huonyesha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, maana yake mfumo umeshindwa kuifikia diski ambayo wenyewe umelala ndani yake. Katika mazabodi zinazoruhusu, kubadilisha mpangilio wa SATA kutoka AHCI hadi IDE huweza kuufungua. Windows 10 ni mvumilivu zaidi. Aghalabu hutafuta programu za vifaa vipya na kuendelea, ingawa huenda ikadai idhini upya kwa sababu mazabodi imebadilika.

Sababu ya pili ni namna kompyuta inavyoanza. Mashine za zamani zilitumia BIOS na diski zilizogawanywa kwa utaratibu wa MBR. Mashine mpya hutumia UEFI na utaratibu wa GPT. Diski ya MBR yenye Windows ya zamani haitaanzisha mashine ya UEFI mpaka mpangilio uitwao CSM ufunguliwe, na ulinzi wa Secure Boot uzimwe. Baadhi ya mashine za karibuni hazina CSM kabisa. Kuanzia mwaka wa 2017, Windows 10 ina programu iitwayo MBR2GPT inayogeuza mgawanyo bila kufuta faili, lakini haifai kuguswa kabla ya nakala kuchukuliwa.

Hata hivyo, kuufufua mfumo wa zamani si lazima uwe ndio mwisho wa safari. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiozibwa nyufa zake ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Jambo la busara ni kununua diski mpya ya SSD kwa ajili ya mfumo mpya, na kuiacha ile kuukuu iwe ghala la kusomwa tu. Wakati wa kuweka mfumo mpya, diski ya zamani ichomolewe, ili mkono usiteleze ukaifuta.

FAILI ZAONEKANA, HAZIFUNGUKI

Diski ikifunguka kama ghala, huenda kabrasha la picha likakataa kwa madai kuwa mtumiaji hana ruhusa. Mara nyingi hilo ni kufuli la jina tu: Windows mpya haimtambui mwenye akaunti ya zamani. Msimamizi wa kompyuta anaweza kujitwalia umiliki wa kabrasha hilo na kulifungua.

Kufuli la BitLocker ni jingine kabisa. Diski iliyofungwa kwa njia hiyo ikihamishiwa mazabodi nyingine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huenda umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au ulichapishwa kwenye karatasi. Usipopatikana, hakuna fundi atakayeifungua. Anayetarajia kuhamisha diski auandike ufunguo huo ingali mashine ya zamani inapumua.

DISKI INAPOGONGA

Sauti ya tik-tik inayojirudia, kukwaruza, au diski kuzunguka kisha ikatulia, ni dalili ya ugonjwa wa ndani. Vivyo hivyo kompyuta inapoganda kila ifunguapo kabrasha moja. Kila dakika ya ziada diski hiyo ikiwa inazunguka hupunguza nafasi ya kuiokoa.

Afya ya diski isiyotoa sauti huweza kupimwa kupitia kumbukumbu zake za ndani ziitwazo SMART, kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Namba ya vipande vilivyohamishwa, au vinavyosubiri kuhamishwa, ikiwa inapanda, diski inaelekea ukingoni. Lakini jibu kuwa diski ni nzima lisipokewe kama hakikisho, kwani zipo zinazokufa bila kutoa onyo.

Kosa linalofanywa zaidi ni kuendesha programu ya ukarabati iitwayo CHKDSK juu ya diski mgonjwa. Programu hiyo hunyoosha orodha ya faili kwa kuandika juu ya diski, na inaweza kuzidisha hasara. Njia salama ni kuianzisha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kisha kunakili diski nzima hadi nyingine kubwa zaidi kwa programu ya ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka upesi na kurudia zilizo ngumu baadaye. Ukarabati hufanywa juu ya nakala.

Diski ikiwa inagonga na data yake haina mbadala, izimwe na ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data. Kuigandisha ndani ya friji, ushauri uliozagaa tangu zamani, huleta maji ndani yake, na katika unyevu wa Mombasa madhara huwa makubwa zaidi.

BAADA YA KUFAULU

Kompyuta ikishatulia, nakala ziwe mbili, na moja ikae nje ya nyumba au duka. Mwizi, moto au maji ya masika yakiingia chumba kimoja, nakala iliyo kwa ndugu ng'ambo ya Nyali au Likoni itasalimika. UPS nayo ni kinga dhidi ya umeme unaokatika wakati diski inaandika.

Diski iliyostaafishwa isiuzwe wala kutupwa ikiwa na data. Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakuondoi maandishi. Hubakia mpaka yaandikwe juu yake. Kwa mwenye duka, zahanati au shule, hilo ni suala la sheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Diski iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia, na ikiwa haiwaki tena, sahani zake ziharibiwe.

Mteja anayekabidhi diski kwa fundi naye ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya bisibisi kutolewa: je, nakala itachukuliwa kwanza, itahifadhiwa wapi, na itafutwa lini kazi ikiisha? Asiyepewa majibu ya kueleweka anaweza kuichukua diski yake na kuondoka nayo. Mashine inaweza kungoja hadi kesho.